Pimbi Wameonekana

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa jabali.

Na juu ya jabali?

Jicho.

Likifanya nini?

Likitazama!

Shikeni neno hilo la mwisho, nitawaomba mlirudie mbele ya safari.

Kabla sijaingia ndani ya ngano, niungame kwanza, maana mwenye kidonda hawezi kuwapaka wenzake dawa huku chake amekifunika kitambaa. Miaka ile nilikuwa msoma matangazo kanisani kwetu. Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini sauti Mungu alinipa. Jumapili moja karabai ya kanisa, ile taa kubwa ya mafuta, haikuonekana. Nikasimama mbele, nikatangaza ndoa tatu, nikatangaza zamu ya kufagia, kisha nikaongeza langu ambalo hakuna aliyeniandikia: "Na tujihadhari na wale wasuka makapu wa ng'ambo ya mto." Sikuwa nimemwona msuka kapu yeyote akiigusa karabai. Nilisema tu. Watu wakaguna, wakatazamana, na juma lile hakuna aliyenunua kapu.

Mwisho wa jambo hilo nitausema mwishoni. Sasa sikilizeni.

Hapo kale palikuwa na mji wa wanyama, na katikati ya mji palikuwa na jabali kubwa lenye nyufa. Wanyama wengine walikaa chini, kwenye nyasi. Juu ya jabali walikaa pimbi. Pimbi ni wadogo, mkia hawana, miguu yao mifupi, na katika mji ule walikuwa wachache hasa: ukianza kuwahesabu asubuhi, uji wako haujapoa umewamaliza.

Walikuwa na desturi moja. Wakila wote, mmoja wao hali. Hupanda kwenye ncha ya jabali akakaa, akatazama. Akimwona tai, hupiga mluzi: fyuuu! Na si pimbi peke yao waliopona kwa mluzi ule. Swala akiusikia alikusanya watoto wake. Kanga akiusikia alijitupa kichakani. Lakini walikwisha kuuzoea, kama mtu anavyozoea pumzi yake. Hakuna aliyewahi kuuliza, nani anapiga?

Miongoni mwa pimbi wale alikuwamo bibi mmoja, jina lake Nyamizi. Mumewe alichukuliwa na tai. Mwanawe naye alichukuliwa na tai. Walimbakia wajukuu watatu, wadogo kiasi kwamba akiwakumbatia wote kwa pamoja mikono yake ilikutana.

Mwaka ule mvua ilikataa. Wanyama wakakusanya mtama wote wa mbegu wakautia ndani ya ghala moja, wakauchanganya na majivu usije ukaliwa na wadudu, wakasema, "Huu hauliwi. Huu ni wa kupanda." Nani atautunza? Wakamchagua Nyani. Nyani ana nguvu, Nyani ana meno, Nyani ana mikono. Nyani akaketi mlangoni pa ghala, akaitwa Bwana Ghala.

Na mji ule ulikuwa na mpiga mbiu, Hondohondo, yule ndege ambaye mdomo wake ni mkubwa kuliko kichwa chake. Kila asubuhi alisimama juu ya mgunga akatangaza mambo ya mji. Alichokisema Hondohondo kilikuwapo. Asichokisema hakikuwapo. Hondohondo hakuwa mbaya wa moyo, tusimwonee. Alikuwa mvivu wa mabawa. Jabalini hakuwahi kutua hata siku moja, na pimbi hakuwahi kuzungumza naye zaidi ya salamu.

Ila alikuwa na namna yake ya kutangaza. Swala akila shamba la mtu, mbiu ilisema, "Mnyama mmoja amekosea." Nguruwe akivunja ua, mbiu ilisema, "Mnyama mmoja ameteleza." Pimbi mmoja akikohoa, mbiu ilisema, "Pimbi wanakohoa! Mji jihadharini!"

Basi mtama wa ghalani ukaanza kupungua. Leo konzi, kesho konzi, keshokutwa pishi.

Aliyekuwa akiuchukua, Nyamizi alimjua. Kwani mwenye zamu juu ya jabali huona yote. Kila alfajiri aliona Nyani akiingia ghalani mashavu yake bapa. Kila alfajiri aliona Nyani akitoka ghalani mashavu yake kama vibuyu viwili. Mnajua nyani wana vifuko mashavuni. Hukitia chakula humo, wakaenda kukitafuna mbali, polepole, pasipo na macho.

Mji ukaanza kunong'ona. Nyani akachuma kuyu mbivu, akamwendea Hondohondo chini ya mgunga.

"Bwana Mbiu, onja hizi. Mtama unapungua, ndugu yangu."

"Unapungua! Nani anauchukua?"

"Mimi sijamwona mtu. Lakini si wako wale wanaokaa juu, kazi yao kutazama tu?"

"Pimbi?"

"Sijataja mtu mimi," Nyani akasema, akijifuta mikono. "Umesema wewe."

Asubuhi yake mbiu ikalia.

"Hondo! Hondo! Mji sikieni! Mtama umeibwa, na pimbi wameonekana!"

"Wameonekana wapi?" mji ukauliza.

"Juu ya jabali!"

"Wakifanya nini?"

Haya, semeni nanyi.

"Wakitazama!"

"Aaa! Wakitazama!"

Siku ya pili, hondo, hondo, mtama umepungua, pimbi wameonekana. Wakifanya nini? Wakitazama! Siku ya tatu vilevile. Kukaa juu ya jabali, jambo ambalo babu na bibi zao walilifanya tangu mawe yalipoumbwa, sasa likawa ushahidi. Nyamizi akishuka kunywa maji, mama swala aliwavuta watoto wake: "Njooni huku, hao hawaaminiki." Akisema "Hamjambo?", walimtazama mikono.

Baraza likakaa. Mzee Pofu, yule mnyama mkubwa wa jamii ya swala mwenye pembe ndefu, ndiye aliyekuwa mkubwa wa baraza. Akasema, "Siku ya saba pimbi wahame jabali. Waende uwandani."

Nyamizi akapiga magoti mbele ya kwato zake. "Mzee wangu, uwandani hakuna ufa hata mmoja. Pimbi nje ya jabali hamalizi siku mbili. Nina wajukuu watatu, Mzee. Kukimbia bado hawajui."

"Bibi, mimi sina chuki nanyi," Mzee Pofu akasema, na huenda ni kweli. "Lakini mji mzima umesikia."

"Umesikia, Mzee. Umeona?"

Mzee Pofu akatafuna kitu ambacho hakikuwamo kinywani. Kikao kikafungwa.

Nyamizi akaenda mgungani kwa miguu yake mifupi, jua kali, vumbi.

"Shikamoo, Bwana Mbiu."

"Marahaba. Sema upesi, nina kazi."

"Anayechukua mtama tumemwona. Ni Nyani."

Hondohondo akacheka hadi mgunga ukatikisika. "Koh, koh, koh! Nyani ndiye mlinzi, bibi wewe! Una mashahidi?"

"Ninao. Tumemwona kila alfajiri, zamu kwa zamu, sisi tisa."

"Hao tisa ni pimbi?"

"Ni pimbi."

"Basi huna shahidi."

Nyamizi akasogea hadi shinani. "Njoo ukae nasi alfajiri moja tu. Utazame kwa macho yako."

"Nije jabalini? Nitoke huko sina unyoya?"

"Basi, Bwana Mbiu, tangaza hata jambo moja jema. Tangaza kwamba mluzi unaowaokoa watoto wa mji huu na tai ni wetu."

"Mluzi! Pimbi wamekaa, pimbi wamepiga mluzi. Nani ataacha majani yake kusikiliza hayo? Niletee kibaya, bibi. Ukiniletea kibaya, kitakuwa kimefika mjini kabla wewe hujafika kwako."

Nyamizi akarudi. Njia nzima neno lile lilimwendea sambamba kama mbwa asiyefukuzika: niletee kibaya. Alipofika aliwalaza wajukuu wake, akainamisha kichwa akaomba. "Muumba wangu, uongo sitausema. Lakini yule anayependa kuumalizia mwenyewe, mimi sitamshika mdomo."

Sasa, upande wa maawio wa jabali lile, jua linakochomozea, kulikuwa na mwanya mwembamba. Ndani yake nyuki walikuwa wamejenga miaka na miaka. Asali ilijaa hadi mlangoni. Pimbi hula majani, asali hawaitaki, na mahali penye nyuki walipita mbali.

Siku ya sita, jua likielekea kuchwa, Nyamizi akaenda tena mgungani.

"Bwana Mbiu, leo sikuja kukuomba utangaze. Nimekuja kukuomba usitangaze."

Ule mdomo ukafunguka wenyewe. "Nisitangaze nini?"

"Upande wa maawio kuna mwanya. Nakuomba, kwa utu wako, usimwambie mtu kwamba umejaa asali."

"Asali! Mwaka huu wa njaa! Ya nani?"

Nyamizi akanyamaza.

"Mmeitoa wapi?"

Nyamizi akainamisha kichwa.

"Mmeiba!"

"Sijasema hivyo mimi, Bwana Mbiu," Nyamizi akasema taratibu. "Umesema wewe."

Hajamaliza, Hondohondo yuko hewani: vupu, vupu, vupu! Na kwa kuwa mbiu zake zote zilipitia kwanza kwa Nyani, alitua ghalani. "Bwana Ghala! Pimbi wameficha asali! Vibuyu sabini!"

Hapa, wenzangu, ndipo ninapotetemeka kila nikiisimulia ngano hii. Nyani alimjua mwizi wa mji ule vizuri kuliko mtu yeyote. Alikuwa akimwosha uso kila asubuhi. Uongo juu ya pimbi aliutunga yeye. Lakini uongo ule ulizunguka mji, ukarudi kwake umevaa nguo mpya, hakuutambua. Akasema moyoni, "Loo! Kumbe kweli hawa ni wezi!" Kisha akasema kwa sauti, "Kesho usitangaze mpaka nikachunguze mwenyewe."

Siku ya saba ikafika. Alfajiri, Nyamizi alikuwa zamu. Alimwona Nyani akiingia ghalani mashavu bapa. Alimwona akitoka mashavu kama vibuyu viwili. Safari hii hakwenda kichakani kutafuna. Alikuja jabalini moja kwa moja, upande wa maawio, akinusa. Mwanya ule hapa, asali ile inang'aa. Kwa mkono ikamchuruzika vidoleni. Akasukuma kichwa. Kikagoma. Akasukuma kwa nguvu zake zote za Bwana Ghala: kwichi! Kikaingia. Akang'ata sega zima, akalisukumiza mashavuni juu ya mtama.

Nyuki wakaamka. Vuuu!

Nyani akavuta kichwa. Hakitoki. Mashavu yamejaa yameziba mwanya kama kizibo cha chupa. Akavuta. Vuuu! Akavuta. Vuuu! Kumeza hawezi, shingo imebanwa. Kulia hawezi, kinywa kimejaa.

Jua lilipochomoza mji ukaja kuwahamisha pimbi. Mzee Pofu mbele, wengine nyuma, Hondohondo juu yao akipiga mbiu. Wakazunguka upande wa maawio, wakasimama ghafla. Mbele yao, katikati ya jabali, palitokeza makalio mekundu yaking'aa kwa jua la asubuhi, na kichwa hakuna.

"Ni nani huyu?" Mzee Pofu akauliza.

"Sura haionekani," mama swala akasema.

"Sura ya nini?" akasema Kanga. "Makalio haya hupita mbele ya mlango wangu kila siku yakienda ghalani. Huyu ni Bwana Ghala!"

Hondohondo akapaza sauti: "Hondo! Hondo! Pimbi wamemkamata mlinzi! Pimbi wa—"

"Hebu ngoja," Mzee Pofu akasema. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwambia Hondohondo angoje.

Nyamizi akatoka kwenye ufa wake. Wajukuu watatu walimshika manyoya, tayari kwa safari. "Mzee, sisi tunahama kama mlivyotuagiza. Ila mwenzenu msimwache afe. Mwambieni ateme kilichomo mashavuni. Akitema tu, kichwa kitatoka."

"Umesikia, Nyani?" Mzee Pofu akaita. "Tema!"

"Mm-mm!"

Vuuu!

"Tema, ndugu, utakufa!"

"Mm-mm!"

Vuuu!

Mji ukashangaa. Mtu gani huyu anaombwa apone naye anakataa? Nyamizi pekee ndiye aliyeelewa. Kutema ni kupona. Kutema ni kuonekana. Na Nyani, ambaye wengine aliwasema kwa kuonekana tu, alikuwa tayari kufa kuliko kuonekana.

"Tema!" ukalia mji mzima.

Vuuu! Vuuu! Vuuu!

Akatema. Chwaaa! Mtama ukamiminika chini ya kidevu chake, ukateremka juu ya jiwe, ukafika miguuni pa Mzee Pofu. Kichwa kikachomoka, po! Uso umevimba, macho hayaonekani. Mzee Pofu hakumtazama. Aliinama akanusa mtama. Ulikuwa na majivu.

"Majivu haya niliyachanganya kwa kwato zangu," akasema.

Nyani akaondoka akipapasa njia, akaenda mbali, na ghala akapewa mwingine. Mzee Pofu akakohoa. "Basi, bibi. Kaeni. Yamekwisha."

"Yamekwisha kwa nani, Mzee?" Nyamizi akauliza.

Mzee Pofu akatafuna tena kile kitu ambacho hakikuwamo kinywani. Wanyama wakarudi nyasini mmoja mmoja. Nyamizi alisimama pale na wajukuu wake, akingoja. Alidhani huenda mmoja angegeuka akasema, "Bibi, tulikukosea." Akangoja hadi vumbi lao likatulia.

Asubuhi iliyofuata mbiu ikalia.

"Hondo! Hondo! Mji sikieni! Mnyama mmoja amepata ajali kwenye jabali. Pimbi wameonekana!"

Na mji, kwa mazoea tu, ukauliza: "Wakifanya nini?"

Nanyi sasa mnataka kuitikia. Naona midomo yenu. Na ule mji uliitikia vilevile.

"Wakitazama!"

Mmoja tu ndiye hakuitikia: mama swala. Alinyanyua shingo, akatazama ncha ya jabali. Nyamizi alikuwa zamu. Wakatazamana. Na saa ileile kivuli cha tai kikapita juu ya nyasi: fyuuu! Mama swala akakusanya watoto wake chini ya tumbo. Kivuli kikapita. Ndipo akasogea hadi chini ya jabali, akaita juu, kwa aibu:

"Bibi! Samahani, mama yangu. Unaitwa nani?"

"Nyamizi."

Akarudi kwa watoto wake. Mdogo akamwuliza, "Mama, nani anapiga ule mluzi?"

"Nyamizi," akasema. "Bibi Nyamizi."

Ngano yangu imefika ukingoni. Sehemu iliyokuwa tamu ndani yake igawaneni. Iliyokuwa chungu niachieni mimi, ni haki yangu.

Mafundisho yake ni haya. La kwanza, mpiga mbiu hakosei kamwe. Ukiona macho yako yanabishana naye, yafumbe. La pili, mtu akienda kuiba asali asibebe mtama mashavuni. Achukue kapu. Makapu mazuri, yasiyovuja hata mtama, yalikuwa yakisukwa ng'ambo ya mto wetu.

Yalikuwa. Siku hizi hayapo. Karabai ya kanisa niliipata mwezi wa tatu baada ya lile tangazo, nyuma ya ngoma za kwaya, imefunikwa shuka. Niliiweka mimi mwenyewe baada ya mazoezi ya harusi, nikasahau. Wasuka makapu, kwa kukosa wanunuzi, walikwisha kuhama. Nilisoma matangazo miaka miwili zaidi, na hilo la karabai kupatikana sikulisoma. Mungu aliniona nikiigeuza ile karatasi ya matangazo ili nilipite. Na Jumapili ile ya kwanza, nilipowataja, mama mmoja wa kwao alikuwa amesimama mlangoni na makapu yake, akingoja tutoke tumnunulie. Alisikia yote. Akanitazama. Jina lake sikuwahi kuuliza.

Kidole gumba chake cha kushoto hakina ukucha, kwa kazi ya ukindu. Leo atakuwa mzee kama mimi. Nawe msikilizaji unatembea mbali kuliko mimi. Ukikutana naye, tafadhali, muulize kwanza jina lake. Kisha mwambie karabai ilipatikana.